Machapisho Yangu ya Zamani na Kazi Ninayoitafuta: Niyafute?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34, nimeolewa, na kwa taaluma ni mhasibu. Ninakuandikia kwa sababu kila mtu ninayemwomba ushauri ananijibu kwa uhakika kabisa, na kila jibu linapingana na la mwenzake, mpaka nimeanza kuona kwamba nikizidi kuuliza nitazidi kuchanganyikiwa.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa katika kampuni moja iliyoanza kuchelewesha mishahara. Mwanzoni ilikuwa wiki, baadaye mwezi, na hatimaye tukawa hatujui tunacholipwa ni cha mwezi upi. Tulipouliza tuliambiwa tuwe wavumilivu, na waliouliza kwa sauti walihamishwa vitengo. Nilipoacha kazi niliandika kwenye ukurasa wangu mfululizo wa machapisho nikaeleza yote, nikataja jina la kampuni na cheo cha mkuu wangu, na ili nisionekane mzushi nikaambatanisha picha ya jedwali la malimbikizo ya mishahara, majina ya wafanyakazi nikiwa nimeyafunika. Machapisho hayo yalisambazwa kuliko nilivyotarajia. Baadhi ya wenzangu walinishukuru, na haukupita muda kampuni ikaanza kulipa madeni, ingawa siwezi kuapa kwamba ilikuwa kwa sababu yangu.

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Katika kipindi hichohicho niliugua sonona. Nilitibiwa, nikapata nafuu, na nilipopata nafuu nikaanza kuandika kuhusu ugonjwa wenyewe: usiku usio na usingizi, dawa na namna zilivyonichosha, aibu ya kushindwa kuinuka kitandani wakati watu wanadhani umezembea. Watu nisiowajua walianza kunijibu, wengine wakieleza palepale chini ya maandishi yangu mambo ambayo hawajawahi kumwambia yeyote. Mpaka leo napokea ujumbe wa namna hiyo.

Tangu mwaka jana natafuta kazi. Nimeitwa kwenye usaili mara kadhaa, na katika sehemu mbili niliambiwa kwa mdomo kwamba nimefanya vizuri, kisha kimya. Rafiki yangu anayefanya kazi katika ofisi ya rasilimali watu ya kampuni nyingine aliniambia waziwazi, "Walikutafuta mtandaoni, wakakuta yale." Sasa nimefika hatua ya mwisho katika taasisi ninayoitamani sana, nafasi ya mkaguzi wa ndani wa hesabu, na wamenitumia fomu inayonitaka niorodheshe akaunti zangu zote za mitandao ya kijamii na kutia saini kwamba taarifa nilizotoa ni kamili. Fomu inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Rafiki yangu anasema nifute kila kitu leo. Mume wangu anasema nisifute hata neno moja, kwa kuwa mwajiri atakayenikataa kwa sababu niliugua hanifai. Kaka yangu mkubwa anasema nifungue akaunti mpya iliyo safi, niandike hiyo peke yake kwenye fomu. Mimi nikifikiria kufuta, najiona ninawageuzia kisogo watu waliofungua mioyo yao kwenye ukurasa wangu. Nikifikiria kuacha, najiona ninainyima familia yangu mshahara kwa ajili ya msimamo ambao hautulishi. Je, kufuta ni kusema uongo? Na kuna maana gani kufuta kitu ambacho pengine wamekwishakiona?

Msomaji wako,
Nipo Njia Panda

* * *

Dada mpendwa,

Swali lako umelikusanya katika neno moja, kufuta, na watu watatu wanaokupenda wamekujibu wakilizunguka neno hilohilo. Nikiisoma barua yako, hata hivyo, naona mambo matatu yasiyofanana. Yapo malalamiko yako dhidi ya mwajiri wa zamani, yapo maandishi yako kuhusu ugonjwa, na ipo picha ya jedwali, ambayo umeitaja katikati ya sentensi kana kwamba ni nyongeza tu. Hayana uzito mmoja mbele ya mwajiri, wala mbele ya sheria, na nadhani hata mbele ya dhamiri yako hayalingani. Naomba tuyatenganishe kabla ya kufika kwenye fomu.

Kwanza niruhusu niguse jambo ambalo umelichukua kuwa kweli. Unaamini kwamba zile sehemu mbili zilinyamaza kwa sababu ya machapisho yako, na ushahidi wako ni kauli ya rafiki ambaye, kwa maelezo yako mwenyewe, anafanya kazi mahali pengine. Inawezekana amesema kweli. Waajiri wengi hulitafuta jina la mwombaji mtandaoni, wengine wenyewe, wengine kwa kuwalipa watu wa nje wafanye kazi hiyo. Lakini ukimya baada ya usaili una sababu nyingi: bajeti hukatwa, nafasi hupewa mtu wa ndani, mwombaji mwingine huwa na uzoefu wa mwaka mmoja zaidi, na ofisi nyingi hazina adabu ya kumjibu aliyekosa. Ninalisema hili kwa sababu uamuzi unaoufikiria sasa ni mkubwa, nawe unataka kuujenga juu ya kisa ambacho hukukishuhudia. Umewahi kuwaandikia wale wawili, kwa upole, kuuliza ni wapi ungeweza kufanya vizuri zaidi? Pengine hawatajibu, ila barua ya namna hiyo haikugharimu kitu.

Nakubali pia kwamba hofu yako haikutoka hewani. Mwaka 2018 mwongozaji wa filamu James Gunn alifukuzwa na kampuni ya Disney kwa sababu ya mizaha aliyoiandika kwenye Twitter takriban miaka kumi kabla, na mwaka uliofuata akarudishwa. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwafutia nafasi wanafunzi wasiopungua kumi waliokuwa wamekwishakubaliwa, kwa sababu ya picha za kejeli walizotumiana katika kundi la faragha la Facebook. Hata hivyo, hayo yalikuwa maneno ya kudhihaki watu. Wewe hukumdhihaki mtu yeyote. Unapojiweka katika kundi moja na watu hao unajidhulumu, na nashuku kwamba rafiki yako, kwa nia njema, amekusaidia kujidhulumu.

Sasa tuje kwenye sonona. Hapa ndipo naona mume wako na rafiki yako wote wana sehemu ya haki, na ndiyo maana unaumia. Kwa upande mmoja, sheria za nchi kadhaa zinatambua kwamba afya ya mwombaji haipaswi kuwa mlango wa kumkataa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu haimruhusu mwajiri kumwuliza mwombaji kuhusu ulemavu wake kabla ya kumpa ofa ya kazi, na Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inayabana maswali ya afya katika hatua hiyohiyo, isipokuwa kwa mambo machache. Kwa upande mwingine, ukurasa wako unamjibu mwajiri swali ambalo hakuruhusiwa kuliuliza. Akishasoma hawezi kujifanya hakusoma, na akikukataa ni vigumu sana kwako kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa hiyo. Kwa hiyo mume wako anaposema kwamba mwajiri wa namna hiyo hafai, anasema jambo la haki, lakini anadhani kwamba utamjua. Mara nyingi hutamjua. Utapata ukimya mwingine, nawe utaanza upya kubahatisha.

Huenda pia anayesoma akakosea kabisa katika anachokihitimisha. Mwaka 2016 Van Iddekinge na wenzake walichapisha katika jarida la Journal of Management utafiti ambamo waajiri walipewa kurasa za Facebook za wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi, wakawapa alama. Baadaye alama hizo zililinganishwa na tathmini ya wasimamizi wa kazi walikoajiriwa vijana hao, na ikaonekana kwamba hazikubashiri utendaji wao. Badala yake zilielekea kuwapendelea wanawake na watu weupe. Maana yake ni kwamba anayeupekua ukurasa wako anaweza kuamini kwa dhati kwamba amekufahamu, kumbe ameona tu kile alichokuwa nacho kichwani tangu mwanzo. Sikuambii haya ili ujipange kwa ajili yake. Nataka tu usiuchukue uamuzi wa mtu kama huyo kuwa kipimo chako.

Katika sehemu hii ya ugonjwa kuna watu uliowataja kwa upendo lakini hukuwapa nafasi ya kutosha katika hesabu zako: wale walioandika chini ya maandishi yako. Ukifuta andiko, maoni yao yanaondoka nalo. Wengine watasikitika. Wengine, nadhani, watashusha pumzi, kwa kuwa nao sasa wanatafuta kazi na majina yao yapo palepale. Kama ukurasa huo una thamani kubwa kwako kama unavyosema, ungeweza kuwatangazia kwamba unafikiria kuubadilisha, ukawapa muda wa kunakili wanachotaka au kuondoa walichoandika. Ungeweza pia kuendelea kuandika kuhusu sonona bila jina lako, ingawa njia hiyo nayo ina mitego: watu wanaokufahamu huutambua mtindo wako, na neno la ushauri kutoka kwa mtu asiye na jina halimshiki mgonjwa kwa namna ileile. Nakiri kwamba nguvu ya maandishi yako huenda ilitokana na kwamba yalikuwa na jina.

Kuhusu malalamiko ya mishahara, sitakaa sana. Kusema kwamba hukulipwa, ikiwa ni kweli, ni kusema kweli, na zipo nchi ambako sheria humlinda mfanyakazi anayezungumza na wenzake kuhusu malipo na mazingira ya kazi. Marekani imekuwa na ulinzi huo tangu mwaka 1935, na mamlaka ya huko inayosimamia mahusiano kazini imekubali kwamba unaweza kuhusu pia mazungumzo ya mtandaoni. Ulinzi huo, lakini, humkinga mtu dhidi ya mwajiri wake. Haumlazimishi mwajiri mpya akupende. Baadhi watakuona mkorofi. Wengine, na katika kazi ya ukaguzi huenda wakawa wengi kuliko unavyofikiri, watamwona mtu asiyenyamazia hesabu zisizokaa sawa. Jambo ambalo ningelichungulia mimi ni cheo cha mkuu wako. Je, uliyoyasema juu yake yote unaweza kuyathibitisha, au kuna mahali hasira iliongeza neno? Madai ya kashfa hutegemea sana maneno ya namna hiyo, na hayo unayafahamu wewe zaidi ya mtu mwingine.

Lililonikalisha kitako ni jedwali. Dada, umeomba kazi ya mkaguzi wa ndani. Mtu huyo hufunguliwa mafaili ambayo hata wakuu wa idara hawayaoni, na kabla ya jambo lolote mwajiri atataka kujua kama yale anayoyaona yatabaki ndani. Anayekupima kwa nafasi hiyo huenda akasoma maandishi yako kuhusu sonona kwa huruma, akasoma malalamiko yako ya mishahara akatikisa kichwa kwa kukubaliana nawe, kisha akafika kwenye picha ya waraka wa ndani wa kampuni, iliyowekwa hadharani na mhasibu wake wa zamani, akasimama hapo. Huenda unahofia andiko lisilo na kosa na kulipita lile ambalo kweli lina maswali.

Nasema maswali, kwa sababu majibu yanatofautiana. Huenda ulikuwa na haki ya kuufichua waraka ule. Zipo sheria zinazowalinda wafichua maovu, ingawa nyingi hutazama ulifichua kwa nani na kwa njia gani, na kuutangazia umma moja kwa moja mara nyingi hulindwa kwa masharti magumu zaidi kuliko kupeleka taarifa kwa mamlaka husika. Huenda mkataba wako ulikuwa na kifungu cha usiri kinachoendelea hata baada ya kuacha kazi. Wapo pia wenzako. Uliyafunika majina, nami naamini ulifanya hivyo kwa kuwajali, lakini katika kampuni ambako watu wanafahamiana, cheo, kitengo na kiasi cha mshahara vinatosha kumtambulisha mtu. Wale waliokushukuru walizungumza. Je, yupo ambaye mshahara wake ulionekana na hakusema neno? Kama kuna fedha kidogo ya kumwona wakili wa masuala ya kazi kwa saa moja, ningeitumia kwa picha hii, si kwa jambo jingine lolote katika barua yako, na ningemwuliza pia kama kuiondoa sasa kunaweza kuchukuliwa kuwa kuficha ushahidi iwapo kuna shauri lolote kati yako na kampuni ile.

Umeuliza kuna maana gani kufuta kitu ambacho pengine kimekwishaonekana. Ni kweli kwamba kufuta hakurudishi wakati nyuma. Waliopiga picha ya skrini wanazo, na tangu mwaka 1996 shirika la Internet Archive limekuwa likihifadhi nakala za kurasa nyingi za wazi. Hata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ilipoamua mwaka 2014 kwamba mtu anaweza kuitaka Google iondoe baadhi ya matokeo yanayotokea jina lake linapotafutwa, haikuufuta ukurasa wenyewe; kilichoondoka ni njia ya kuufikia kwa jina hilo. Lakini njia si jambo dogo. Anayepekua waombaji wengi kwa siku moja hasogei mbali na yale anayokutana nayo mwanzoni, na nakala iliyo kwenye simu ya mtu asiyekukumbuka haina nguvu sawa na andiko lililobandikwa juu ya ukurasa wako.

Tena kati ya kufuta na kuacha kuna hatua ambazo watu wako watatu hawakuzitaja. Facebook ina chaguo la kuweka andiko kwenye hifadhi, ambapo linabaki kwako peke yako nawe unaweza kulirudisha baadaye. Ina chaguo jingine la kubana kwa mkupuo machapisho yote ya zamani yaonekane na marafiki tu, ila uwe mwangalifu na hilo, kwa kuwa ukitaka kuyarudisha hadharani utalazimika kuyapitia moja baada ya jingine. Hatua hizo zinakununulia muda wa kufikiri. Kasoro yake ni kwamba msomaji mgeni, yule anayekufikia usiku kwa kutafuta neno sonona, hatakuona tena.

Je, kufuta ni uongo? Mimi sioni kwamba mtu analazimika kuacha kila alichowahi kusema kibaki ukutani milele ili ahesabiwe mkweli. Lakini kutia saini kwamba orodha ya akaunti ni kamili huku umeacha moja nje ni jambo la aina nyingine, na hapo ndipo ushauri wa kaka yako unaniogopesha. Ikigundulika baada ya wewe kuajiriwa, hutaulizwa tena kuhusu sonona wala mishahara. Utaulizwa kuhusu saini yako, na kwa mkaguzi hilo ni swali zito.

Fomu yenyewe pia inaweza kuulizwa maswali. Jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza nchini Marekani, mwaka 2012, kuwakataza waajiri kudai nywila za akaunti za waombaji, na majimbo mengine yakafuata. Wewe umeombwa majina ya akaunti, siyo nywila, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo sheria za kulinda taarifa binafsi, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018, ya Kenya ya mwaka 2019 au ya Tanzania ya mwaka 2022, zimejengwa juu ya wazo kwamba anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu inayoeleweka na amweleze mhusika. Ungeweza kuwaandikia kwa adabu: taarifa hizi zitatumika kwa kusudi gani, zitasomwa na nani, na zitahifadhiwa kwa muda gani? Kuna hatari kwamba utaonekana msumbufu kabla hujaingia. Namna watakavyokujibu, lakini, itakufundisha mengi kuhusu mahali unapotamani kufanya kazi, na hayo ni mambo ambayo hutayapata kwenye tangazo la nafasi.

Ipo njia nyingine tena, ya kulitaja jambo wewe mwenyewe kabla halijatajwa: kwamba uliwahi kuandika kuhusu kutolipwa mishahara, kwamba uliambatanisha waraka, na namna unavyolitazama suala hilo leo kama mtu wa taaluma. Kuhusu afya yako hulazimiki kusema neno. Wapo wanaosema kwa kujitangulia hivyo unawaonyesha pa kuchimba, na hawakosei, hasa kama hakuna aliyekuwa na nia ya kuchimba. Ukichagua njia hiyo, utahitaji kwanza kulijua jibu lako mwenyewe kuhusu lile jedwali, nami sidhani kwamba umekwishalipata.

Neno langu jingine ni juu ya mume wako. Umeandika kwamba msimamo hauwalishi, na katika maneno hayo nimesikia uchovu ambao huenda yeye hajausikia. Ni rahisi kwake kukuambia usifute hata neno, na bila shaka anakuambia kwa fahari. Je, mmekaa mkapanga mtaishi kwa kipato kipi endapo kazi hii itakosekana, na kwa muda gani? Mkishazungumza hilo kwa takwimu, kama unavyofanya kazini, nadhani wewe mwenyewe utajua ni maandishi yapi unayoyashikilia kwa sababu yana kazi duniani, na yapi unayashikilia kwa sababu hutaki kuonekana umeshindwa. Una wiki kadhaa kabla fomu haijatakiwa kurudi. Ukipenda, niandikie tena baada ya kumwona wakili, na kama yupo mmoja katika wale wenzako wa jedwali ambaye bado mnazungumza, ningependa sana kusikia amekwambia nini.